Nimepata kazi Leipzig, nitalala wapi? Jibu kwa muuguzi anayehamia Ujerumani

Swali: "Mimi ni muuguzi, nipo Dar es Salaam. Nimepata mkataba na hospitali moja ya Leipzig, naanza kazi tarehe 1 Oktoba. Hospitali imenipa chumba kwenye hosteli ya wafanyakazi kwa miezi mitatu tu, baada ya hapo nijitegemee. Mtandaoni nimeona fleti ya vyumba viwili, katikati ya mji, ina samani zote, euro 420 kwa mwezi kila kitu ndani. Mwenye nyumba anasema yuko London kikazi. Nikituma dhamana ya euro 1,260 atanitumia funguo kwa DHL, na nisipoipenda anarudisha hela. Aliomba nakala ya pasipoti, nimeshamtumia. Nilipe? Na huko watu wanalipa miezi mingapi, sita kama hapa kwetu? Nianzie wapi?"

Usilipe, dada. Fleti hiyo ama haipo kabisa, ama ipo na ina mwenyewe ambaye hajui kwamba picha zake zinazungushwa mtandaoni. Dalili zote zimekamilika: bei ya chini mno kwa nyumba yenye samani, mwenye nyumba aliye nchi nyingine, funguo za kusafirishwa, na ahadi ya kurudishiwa hela. Ukisita, mara nyingi hufuata kiungo cha kampuni inayojulikana ya kukodisha nyumba za wageni, eti yenyewe itashika hela mpaka uridhike. Kiungo ni cha kughushi na akaunti ni yake yeye. Ujerumani mambo yana mpangilio: nyumba inaonwa (na wewe au na mtu unayemwamini), unachaguliwa, mnasaini mkataba, unakabidhiwa funguo. Kisheria, awamu ya kwanza ya dhamana inadaiwa upangaji unapoanza. Anayeitaka kabla hujauona hata mlango hana mlango wa kukuonyesha.

Nakala ya pasipoti uliyotuma si msiba, lakini usikae kimya. Matapeli huzitumia kwa mtu wa pili: wanajifanya wewe, wanamwambia mpangaji mwingine "mimi ndiye mwenye nyumba, pasipoti yangu hii hapa". Hifadhi mazungumzo yote, ripoti tangazo kwa tovuti uliyoliona, na uchukue RB polisi, ili jina lako likija kutajwa siku moja uwe na karatasi ya kuonyesha. Siku nyingine, kabla ya kutuma nakala funika namba ya pasipoti, na andika katikati ya ukurasa, juu ya picha: "kwa ombi la nyumba ya mtaa fulani, tarehe fulani". Nakala yenye maandishi hayo haimfai mwizi.

Hosteli ndiyo mtaji wako

Wengi wanaohamia Ujerumani wanakiona chumba cha hosteli kama balaa la kuvumilia. Mimi ningekuambia kinyume: kwa miezi hiyo mitatu, chumba kile kina thamani kuliko fleti nzuri ambayo hujaiona, kwa sababu kinakupa anwani. Bila anwani iliyoandikishwa serikalini hakuna kinachotembea.

Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji, Bürgeramt au Bürgerbüro kutegemea mji ulipo. Kitendo chenyewe kinaitwa Anmeldung. Unakwenda na pasipoti, fomu, na karatasi moja ambayo watu huisahau: Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho wa anayekupa makazi kwamba kweli umehamia kwake. Hosteli ya hospitali ina wajibu wa kisheria kukupa karatasi hiyo, kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Ukikutana na mtu anayesema "kaa tu, ila kujiandikisha hapana", mara nyingi yeye mwenyewe hana ruhusa ya kukupangisha. Na wako wanaouza anwani za uongo kwa wageni. Usiguse, faini ya anayetoa anwani ya namna hiyo inafika euro 50,000, na wewe unabaki na rekodi chafu mwezi wako wa kwanza.

Baada ya Anmeldung mambo yanafuatana. Wiki chache baadaye namba ya mlipakodi inakuja kwa posta. Mwajiri akikaa bila namba hiyo anaweza kulazimika kukukata kodi ya mshahara kwa daraja la sita, lenye makato makubwa kuliko yote. Hela utarudishiwa baadaye, lakini dhamana ya nyumba unaitaka sasa. Cheti cha kujiandikisha ndicho benki nyingi hukitaka, na ofisi ya wageni, ile ya vibali vya ukaazi, nayo hivyohivyo. Miadi ya Bürgeramt hujaa haraka, na huwekwa mtandaoni. Weka yako ukiwa bado Dar, mara tu unapojua tarehe ya kufika.

Kuna jambo dogo linaloangusha watu wazima. Kwetu barua zinakwenda S.L.P. Kule mletaji barua anasoma jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua mlangoni. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya bima ya afya, namba ya mlipakodi, zote zinapita hapo. Siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, hakikisha jina lako la ukoo lipo kwenye sanduku, limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu ndio tunaoumia zaidi: mkataba wa kazi una jina la baba, benki imeandika la ukoo, sanduku lina jina la kwanza. Chagua namna moja tangu mwanzo na usiibadilishe. Kama sanduku la hosteli ni la pamoja, bandika majina mawili ya mwisho yote.

Baada ya Anmeldung utapata pia barua ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Wageni wengi huitupa wakidhani ni utapeli. Si utapeli, na deni linakua. Hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa: mkiishi watatu fleti moja, analipa mmoja na wengine wanatoa namba yake.

Miezi mingapi?

Mmoja. Kodi inalipwa mwezi kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi, isizidi siku ya tatu ya kazi. Hakuna miezi sita wala mwaka mzima mbele. Kinachouma ni dhamana, Kaution, na ina kikomo: miezi mitatu ya kodi tupu, basi. Nasema kodi tupu kwa sababu bei ya nyumba huko ina sura mbili. Kaltmiete, kwa maneno yao "kodi baridi", ni kodi ya kuta peke yake. Ukijumlisha malipo ya awali ya joto, maji, taka, usafi wa ngazi na mengineyo, Nebenkosten, unapata Warmmiete. Dhamana inahesabiwa kwenye ile baridi.

Una haki ya kulipa dhamana kwa awamu tatu sawa: ya kwanza upangaji unapoanza, mbili zinazobaki pamoja na kodi za miezi miwili inayofuata. Haki hii ni ya sheria, haiondolewi na mkataba, lakini hakuna atakayekukumbusha. Hela yenyewe mwenye nyumba anapaswa kuiweka kando na mali yake, na ukiondoka anaweza kukaa nayo miezi kadhaa akikagua uharibifu, na kubakiza kiasi kidogo akisubiri hesabu ya mwaka ya joto na maji. Usiipangie kazi ya haraka.

Dalali je? Tangu Juni 2015 anayemwita dalali ndiye anayemlipa. Mwenye nyumba akimweka dalali amtafutie mpangaji, wewe hudaiwi kitu. Ukiombwa "ada ya kuona nyumba" hapo Leipzig, geuka uende zako.

Sasa tusome tangazo. Hili nimelitunga, ila ndivyo yanavyoandikwa:

2-Zi-Whg, 48 m², 4. OG, Balkon, EBK gegen Abstand, KM 360 €, NK 130 € inkl. HK, 3 MM Kaution, frei ab 1.12., Nachmieter gesucht.

Vyumba viwili maana yake sebule na chumba cha kulala. Jiko na bafu hawavihesabu. Kwa hiyo "1 Zimmer" ni chumba kimoja chenye jiko na bafu lake, na kwa mtu mmoja kinatosha. 4. OG ni ghorofa ya nne juu ya ile ya chini, na kama tangazo halitaji Aufzug, hakuna lifti: pima kwa begi la kilo 23. "3 MM Kaution" ni dhamana ya kodi tatu, na "frei ab 1.12." ni wazi kuanzia 1 Desemba. KM ni kodi baridi, NK ni zile gharama za ziada, na "inkl. HK" inakuambia joto limo ndani. Lisipotajwa, uliza, maana pengine nyumba ina bomba lake la gesi na utafunga mkataba mwenyewe. Umeme haumo kamwe kwenye hesabu hii, isipokuwa nyumba zenye samani. Hakuna Luku, unafunga mkataba na kampuni, unalipa kiwango kilekile kila mwezi, na mwisho wa mwaka mita inasomwa. Usipochagua kampuni, ile ya eneo inakuhesabia yenyewe kwa bei ambayo kwa kawaida ni ya juu, na unaweza kuihama kwa notisi ya wiki mbili.

Na EBK? Hapo ndipo mtu wa Dar anapigwa na butwaa. Fleti ya kawaida Ujerumani mara nyingi haina jiko. Siyo jiko la gesi tu: hakuna kabati, hakuna sinki, kuna bomba linalotoka ukutani na nyaya mbili tatu. Taa pia hakuna, waya unaning'inia darini. EBK ni jiko lililofungwa, na "gegen Abstand" maana yake mpangaji anayetoka, yule anayetafuta wa kumrithi (Nachmieter), anataka ununue lake. Mara nyingi ni nafuu kuliko kufunga jipya. Kagua vifaa, omba risiti ya zamani ujue umri wake, na jadili bei. Sheria haimruhusu kukutoza bei isiyolingana kabisa na thamani ya vitu: iliyozidi kwa zaidi ya nusu inaweza kudaiwa irudishwe. Andikianeni karatasi yenye orodha ya vitu na bei, ilipwe tu mkataba wako wa nyumba ukishasainiwa, kwa sababu jiko bila nyumba ni mzigo.

Weka namba pamoja. Kodi ya mwezi wa kwanza 490, awamu ya kwanza ya dhamana 360, tuseme jiko 600: euro 1,450 mkononi siku ya funguo. Ukilipa dhamana yote mara moja ni 2,170. Tofauti hiyo ya 720 ndiyo kitanda, godoro, taa nne na mapazia. Ongeza bado 360 mara mbili miezi inayofuata, usije ukaisahau.

Faili la karatasi

Kwetu nyumba nzuri huenda kwa mwenye fedha taslimu au kwa anayemjua dalali. Kule huenda kwa mwenye faili kamili aliyeandika mapema. Tangazo likitoka asubuhi, jioni linaweza kuwa limeondolewa, kwa hiyo faili linatengenezwa kabla ya kutafuta, liwe PDF moja nyepesi, jina lako na tarehe kwenye jina la faili.

Ndani yake: ukurasa mmoja wa kujitambulisha; Selbstauskunft, yaani fomu ya taarifa za mpangaji iliyojazwa na kusainiwa; mkataba wa kazi; hati za mshahara za miezi mitatu, na kama huna bado, barua fupi ya hospitali yenye muhuri inayotaja kazi, mshahara na tarehe ya kuanza; na uthibitisho wa Schufa, kampuni inayotunza rekodi za madeni. Wewe unafika ukiwa huna rekodi, na hilo si doa. Cheti kitasema hakuna taarifa mbaya, na ndicho mwenye nyumba anachotaka kuona. Kile cha kuwapa wenye nyumba kinauzwa euro 29.95. Ipo pia nakala ya bure ya taarifa zako zote, ila ile ni ya kusoma mwenyewe. Ina mambo mengi yasiyomhusu mwenye nyumba. Iombe baada ya miezi michache, uangalie kama kuna mkopo au simu iliyoombwa kwa jina lako na wale wa London.

Utaombwa pia Mietschuldenfreiheitsbescheinigung. Neno refu, maana fupi: mwenye nyumba wa zamani aseme huna deni la kodi. Chukua ukiwa hapa. Barua ya mwenye nyumba wako wa Dar, sentensi tatu, iwe na tafsiri ya Kijerumani. Hata ukitafsiri mwenyewe inasaidia. Kama ulikaa kwa wazazi, andika hivyo wazi. Risiti za malipo zinaweza kuchukua nafasi yake, kwa kuwa mwenye nyumba wa zamani halazimiki kisheria kuitoa.

Kwenye fomu ya taarifa wana haki ya kuuliza kipato, mwajiri, mtakaa wangapi. Mimba, dini, chama, mpango wa kuzaa havimhusu, na kwa maswali hayo sheria haikuadhibu ukijibu unavyotaka. Kipimo chao cha kienyeji ni kwamba kodi pamoja na joto isizidi theluthi ya mshahara unaobaki mkononi. Ukiwa umezidi kidogo, sema kwenye barua kwamba kuna malipo ya zamu za usiku na mikesha. Wauguzi huyapata, na wenye nyumba wanajua.

Ujumbe wenyewe uwe wa Kijerumani, mistari minane haizidi. Wewe ni nani, unafanya kazi gani na wapi, mkataba una muda gani, utakaa peke yako, huvuti sigara, huna mnyama (kama ni kweli), unaweza kuja kuona lini, faili lipo tayari. Muuguzi wa hospitali ni mpangaji anayependwa: kazi haikosekani na mshahara ni wa uhakika. Liweke hilo kwenye mstari wa kwanza, usilifiche chini ya salamu ndefu. Wajerumani hawasomi "natumaini barua hii itakukuta u mzima".

Utaandika mara thelathini na kujibiwa mara nne. Mara nyingine jina lako ndilo litakalokuwa sababu, tusidanganyane. Ikitokea dalili ya wazi, kwa mfano wewe umeambiwa imekwenda na mwenzako mwenye jina la Kijerumani anakaribishwa kuiona siku hiyohiyo, hifadhi ujumbe wote wawili. Sheria ya usawa inakupa miezi miwili ya kudai haki, kisha inapita.

Pa kutafutia. Tovuti kubwa ya fleti ni ImmoScout24, ya vyumba vya kushirikiana ni WG-Gesucht, na Kleinanzeigen ina kila kitu wakiwemo matapeli wengi. Ila kwa Leipzig ningekupeleka kwanza kwingine: kampuni ya nyumba ya mji, LWB, na vyama vya ushirika vya nyumba kama Unitas, Lipsia na Kontakt. Hao wana ofisi unayoweza kuingia kwa miguu, wana utaratibu, na hawana mjomba aliyeko London. Kwenye ushirika unanunua hisa badala ya kuweka dhamana, na ukiondoka unarudishiwa, ingawa baada ya muda mrefu. Angalia vitongoji vya Grünau na Paunsdorf. Watu wa mjini huvikunjia pua kwa sababu ya majengo yake ya zege ya enzi za Ujerumani Mashariki, lakini nyumba zipo, joto linafanya kazi, na tramu inakufikisha kazini. Wanaong'ang'ania Connewitz na Südvorstadt ndio wanaofika Desemba bado wako hosteli.

Kusaini na kupokea

Ukishaiona nyumba na kusaini, umefungwa. Hakuna siku 14 za kujifikiria. Soma mambo matatu kabla ya kalamu. Kwanza neno Kündigungsverzicht: kuahidi kutohama kwa muda fulani, unaoweza kufika hata miaka minne. Kwa mtu ambaye anasubiri cheti chake kutambuliwa na anaweza kupata hospitali nyingine, mwaka mmoja ndio mwisho wa kukubali. Pili, Staffelmiete au Indexmiete, yaani kodi inayopanda kwa ngazi zilizokwisha andikwa au kufuata mfumuko wa bei. Tatu, nani anapaka rangi. Ukipewa nyumba isiyopakwa na bila fidia, kifungu cha kukulazimisha upake ukitoka hakisimami mahakamani.

Notisi yako ya kuhama siku ya siku ni miezi mitatu, kwa karatasi yenye saini ya wino; barua pepe na WhatsApp havihesabiki. Iwe imefika kwake kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi ili mwezi huo uhesabiwe. Ikifika siku ya nne, umejinunulia mwezi mzima wa kodi.

Siku ya funguo andikeni Übergabeprotokoll, kumbukumbu ya makabidhiano. Usiharakishwe. Fungua kila bomba usikilize maji yanavyoshuka, funga na kufungua kila dirisha, washa kila hita na usubiri dakika kumi ushike bomba kama limepata moto. Vuta pumzi karibu na kona za ukuta wa nje: harufu ya udongo mbichi ni ukungu uliopakwa rangi juzi. Andikeni namba za mita zote na kiasi kinachosomeka, idadi ya funguo, kila mkwaruzo wa sakafu. Piga picha zote, ujitumie kwa barua pepe jioni ileile ili ziwe na tarehe. Funguo za majengo mengi ni za mfumo mmoja. Ukipoteza mmoja, unaweza kudaiwa gharama za kubadilisha vitasa vya jengo zima. Kata bima ya dhima binafsi, Haftpflicht, yenye kifungu cha funguo za kupanga. Ni euro chache kwa mwezi.

Kisha kuna ukungu wenyewe, ambao ndio unaokula dhamana za watu wa pwani. Mtu aliyezoea madirisha ya nondo na feni anafika Novemba, anaona baridi, anafunga kila kitu, anaanika nguo ndani, anachemsha maharage saa mbili. Mvuke wote unakwenda kwenye kona baridi zaidi, kwa kawaida nyuma ya kabati, na Januari kona ni nyeusi. Dawa yake ni ya ajabu kidogo: mara mbili au tatu kwa siku fungua madirisha wazi kabisa, pande mbili zikipatana, dakika tano mpaka kumi, huku umezima hita. Kisha funga na uwashe. Usiliache dirisha limeinamishwa kidogo siku nzima na hita inawaka. Unapasha moto barabara na ukuta unapoa. Kile kitufe cha kuzungusha kwenye hita kina namba: 3 ni kama nyuzi 20, na kukipeleka 5 hakupashi haraka zaidi, kunaongeza tu kiwango cha mwisho. Ukienda zamu usizime kabisa, rudisha 2. Kabati lisogee sentimita tano hadi kumi kutoka ukuta wa nje.

Na kumbuka joto unalolipa kila mwezi ni makadirio. Hesabu ya kweli inakuja ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, na mwaka wa kwanza wageni wengi wanadaiwa nyongeza. Mwenye nyumba akichelewa kupita hapo kwa kosa lake, hawezi tena kudai. Matengenezo ya jengo na gharama zake za ofisi hazimo kwenye yale anayoruhusiwa kukutoza. Ukiziona kwenye orodha, pinga kwa maandishi au peleka karatasi kwa chama cha wapangaji cha mji, Mieterverein, ukishajiunga.

Kalenda yako

Anayehama anatoa notisi ya miezi mitatu, kwa hiyo nyumba za Desemba na Januari zinatangazwa kuanzia Septemba na Oktoba. Anza kuandika wiki unayofika, hata kabla ya mshahara wa kwanza. Katikati ya Novemba ukiwa bado, badilisha lengo: tafuta chumba kwenye fleti ya kushirikiana, au Zwischenmiete, nyumba ya mtu aliyesafiri miezi kadhaa. Hapo omba kuona barua ya mwenye nyumba inayomruhusu kupangisha, na uulize kabla ya yote kama utaweza kujiandikisha.

Wiki hii, kabla ya jambo jingine, iandikie ofisi ya wafanyakazi ya hospitali maswali manne: je, hosteli itanipa Wohnungsgeberbestätigung siku ya kuingia, jina langu litabandikwa kwenye sanduku gani, muda unaweza kuongezwa mpaka Februari, na niombe mwisho lini, na je, hospitali ina nyumba au makubaliano na LWB au ushirika wowote kwa wafanyakazi wake. Swali la nne hulipati jibu usipouliza, kwa sababu orodha hiyo mara nyingi iko kwenye droo ya mtu mmoja.